Ustaz wa Somo la Ukristo

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Eldoret, watu sita mbele yangu, simu ikaita kutoka Uganda. Aliyepiga alikuwa mwalimu kijana, binti niliyemfundisha zamani Juba, ambaye siku hizi anafundisha katika shule moja ya wakimbizi si mbali na Arua. Aliponisalimia nilijua mara moja kwamba ana habari mbaya, kwa maana alisema polepole na kwa usanifu wa kupita kiasi, kila neno na upatanisho wake, kama mtu anayeogopa kwamba akiteleza kidogo atalia. "Mwalimu," akaniambia, "Ustaz ametutoka. Ilikuwa presha. Amezikwa jana alasiri." Nikatoka kwenye foleni, nikakaa kwenye ngazi za benki, na baada ya muda askari wa mlangoni akaja kuniuliza kama nimenyimwa mkopo. Nikamwambia hapana, nimefiwa. Akaniuliza kama ni ndugu. Nikatikisa kichwa, maana aliyefariki hakuwa ndugu yangu wala mtu wa kwetu, na tusingekutana asilani kama nchi mpya isingezaliwa na kuhitaji walimu kwa haraka.

Nilimjua Ustaz nikiwa Juba, miezi michache baada ya uhuru, wakati mji mzima ulikuwa unanuka rangi mbichi na dizeli ya jenereta. Tulifundisha katika shule moja ya kibinafsi mtaa wa Atlabara, madarasa ya mabati ambayo kufikia saa nne asubuhi yalikuwa yanaoka watu. Mkuu wa shule alikuwa mama Mkenya, mlokole wa kweli kweli, ambaye sote tulimwita Madam. Aliamini kwamba yeye ameletwa Juba na Mungu na sisi walimu tumeletwa na mshahara, na katika yote mawili sidhani kama alikosea. Mimi nilifundisha Kiswahili. Wakubwa wa nchi walikuwa wanasema watajiunga na majirani wa Afrika Mashariki, kwa hiyo wazazi waliitaka lugha hiyo upesi, na watoto waliipokea kama wanavyopokea dawa ya minyoo. Mwalimu wa somo la Ukristo alikuwa kijana kutoka Kampala. Katikati ya muhula alipata maono, akaenda kufungua kanisa lake mwenyewe mtaa wa Hai Mauna, na asubuhi iliyofuata akatokea langoni mwanamume mmoja mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, anatafuta kazi ya kufundisha hesabu.

"Hesabu imejaa," Madam akamwambia. "Somo la dini unaliweza? La Kikristo?"

"Madam," akajibu, "mimi naweza fundisha kitu yoyote iko na kitabu."

Madam akacheka, akampa kitabu, Biblia na boksi la chaki, akamwonyesha mlango wa darasa la saba. Hakumuuliza dini yake. Sioni ajabu: mtu anayekubali kufundisha Ukristo bila kusitasita utamuuliza nini zaidi? Jina lake lilikuwa mojawapo ya yale majina ya manabii ambayo misikiti na makanisa hugawana bila ugomvi. Na jina tulilomwita halikumfichua pia. Kwetu Kenya ukimwita mtu ustadhi umekwisha kumvalisha kanzu na kofia. Juba kila mwalimu wa kiume ni ustaz. Hata mimi nilikuwa ustaz, na hata padri akishika chaki huitwa ustaz. Kwa hiyo mtu huyu, Mnubi wa Arua, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, akaingia darasani kufundisha Injili, huku mji mzima ukimwita kwa cheo chake halisi na hakuna aliyesikia.

Mimi niligundua kwa sababu ya meno. Kila Ijumaa baada ya saa sita aliniomba tubadilishane vipindi. "Naenda kuona daktari ya meno," alisema, akishika shavu. Muhula mzima ukapita hivyo. Nilianza kumhurumia, maana alikuwa na meno mazuri kuliko yangu. Ijumaa moja watoto waliachiwa mapema, nikawa mtaa wa Hai Cinema, nimekaa kwenye kibanda cha mama wa Kiganda nikila kuku na matoke, nikaona wanaume wametoka msikitini wanashuka barabarani kwa makundi, na katikati yao, kanzu nyeupe pe, kofia imekaa sawasawa, mwalimu wetu wa Ukristo. Tukatazamana. Sikuweza kujizuia.

"Ustaz, meno yanaendeleaje?"

Hata hakupepesa macho. "Ndugu yangu, hii daktari yangu leo ilikuwa na wagonjwa wengi sana."

Akaketi, akaagiza soda, na nikamuuliza lile ambalo wewe msomaji ungemuuliza: kwa nini? Akaniambia alihitaji kazi, na kwamba alikwisha kuusoma ule mtaala wote kabla ya kufika darasani, na Biblia yenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na daftari pembeni. "Nyinyi mnaiamini, kwa hivyo hamsomi," alisema. "Mimi siwezi kwenda darasani na imani. Lazima niende na kitabu." Kisha akaniuliza kama nitamsema kwa Madam. Nikamwahidi kwamba sitamsema. Niliona ni ahadi rahisi.

Na hebu niwaambie jinsi alivyofundisha, kwa sababu nimewahi kukaa nyuma ya darasa lake zaidi ya mara moja, nikijifanya nasahihisha madaftari. Hakusema hata siku moja "sisi tunaamini." Alisema "kitabu kinasema," au "Wakristo wanaamini," kisha akawauliza watoto wanaonaje. Walimuuliza maswali ambayo wangemuuliza mchungaji wangechapwa: kama Kaini alioa, alimwoa nani? Naye alikuna kidevu akasema, "Swali mzuri. Andika. Enda uliza baba yako, enda uliza padri wako, Jumatatu tuone wamesema nini." Jumatatu darasa lilikuwa moto. Nasikia nyumba kadhaa za Atlabara zilikosa usingizi kwa ajili ya mke wa Kaini.

Siku moja mchungaji mmoja mkubwa, mjumbe wa halmashauri ya shule, alikuja kukagua. Akaingia darasa la saba na suti ya vipande vitatu, katika joto lile, akauliza kwa sauti ya mimbarini: "Nani alimsaidia Yesu kubeba msalaba?" Mikono ikainuka yote. Binti mmoja mrefu wa dawati la mbele akasimama: "Simoni wa Kirene, baba yao Aleksanda na Rufo." Mchungaji akatabasamu, akaduwaa, akatabasamu tena. Nilimwona akitoka pale, akasimama nyuma ya tangi la maji, akafungua Biblia yake na kupekua Injili zote nne akiwatafuta Aleksanda na Rufo. Aliwapata kwa Marko. Akarudi ofisini kwa Madam akamwambia, mbele yangu, kwamba mwalimu huyu amejazwa Roho.

Mambo yaliharibika katika mwaka wa pili, na yaliharibiwa na sifa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Wakati wa mapumziko mama muuza chai alipokuja na birika lake, Ustaz alibaki darasani akisahihisha vitabu, midomo imekauka. Madam, mwenye macho ya kuona kila kitu isipokuwa kilichokuwa mbele yake, aliliona hilo. Akaitisha kikao cha walimu. "Nataka kuwaaibisha kidogo," alisema. "Mimi nawaomba kila siku mfunge na kuiombea shule hii. Mnakula maandazi. Lakini yuko mmoja wenu, sijamwambia, sijamlazimisha, hii ni wiki ya tatu hajaonja hata chai. Ustaz, simama watu wakuone." Mimi niliangalia viatu vyangu. Mwalimu wa sayansi alianza kupiga makofi. Ustaz akasimama, na hapo angeweza kusema "asante, Madam" akaketi, na huenda angelifundisha somo lile hadi mwisho. Nilimwona akilifikiria. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, kwamba hakuweza kuchukua sifa isiyo yake.

"Madam, samahani," akasema. "Mimi nafunga kwa sababu ni Ramadhani."

Madam alimtazama kwa muda mrefu. Sidhani kama alikuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayerudisha mkanda nyuma, akizipitia zile Ijumaa zote, yale meno yote. Kisha akauliza polepole, "Nani mwingine alijua?" Ustaz akasema hakuna. Alilisema upesi, kabla sijafungua mdomo. Na mimi, wasomaji wangu, sikuufungua.

Juma lililofuata wazazi wakaitwa. Nawaomba msiwacheke wazazi wale. Msemaji wao mkuu alikuwa baba wa yule binti mrefu wa dawati la mbele, mwanajeshi wa zamani, mtu mwenye mabega ya mlango na sauti ndogo. Alizungumza Kiarabu cha Juba, nami nakitia katika Kiswahili kadiri ninavyoweza. "Nilisoma Khartoum nikiwa mtoto," alisema. "Tulikuwa tunakaririshwa dini isiyo yetu. Usipoikariri unachapwa, ukiikariri vibaya unachapwa zaidi. Nina alama hapa." Akagusa shingo yake nyuma. "Nilikwenda msituni kupigana ili mtoto wangu asikalishwe mbele ya mtu wa aina ile. Leo nimepata nchi, nimepata bendera, nimelipa karo, na mtu wa aina ile yuko darasani kwa binti yangu. Kwa nini nilipigana?" Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitikisa vichwa tu, maana wengi walikuwa na alama zao.

Ustaz akaomba kujibu. Alijibu katika Kiarabu hichohicho, kwa maana Kinubi cha kwao na lugha ya Juba ni watoto wa mama mmoja, na nadhani hilo liliwaudhi baadhi ya wazazi zaidi ya kila kitu, kwamba alizungumza kama wao. "Mzee wangu," alisema, "mimi nilipofika miaka saba baba yangu alinipeleka shule ya misheni, ndiyo iliyokuwa karibu. Wakasema jina langu haliingii kwenye daftari kwa kuwa si la ubatizo. Wakanipa jina lingine, la mtakatifu fulani. Miaka saba niliitika jina lile ili nikae kwenye dawati. Nyumbani mama yangu alilia akilisikia. Wewe ulichapwa, mimi nilibadilishwa jina. Katika chumba hiki, mimi na wewe ndio tunajua ubaya wa jambo hili. Unafikiri ningemfanyia binti yako?"

Baba yule akageuka, akamwita binti yake, aliyekuwa nje na wenzake wamebandika masikio kwenye mabati. Akaingia, miaka yake kumi na mitatu, shingo ndefu, hofu tele. "Mwambie kila mtu hapa," baba akamwambia. "Ustaz amewafundisha nini kuhusu dini yake?"

Binti akafikiri. "Baba," akasema, "sisi hatukujua kama Ustaz ana dini."

Nusu ya wazazi waliangua kicheko. Hata Madam alificha uso kwenye leso. Lakini kicheko hakipigi kura, na kura ilipopigwa uamuzi ukawa huu: Ustaz abaki shuleni, ila aondolewe somo la Ukristo, apewe hesabu. Mwalimu wa hesabu akapelekwa sayansi, na somo la Ukristo likapewa Mkristo. Mkristo aliyekuwa na nafasi kwenye ratiba alikuwa mimi.

Msicheke. Nilikuwa na cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na kanisani nilikuwa sijaingia tangu harusi ya dada yangu. Juma la kwanza niliwaambia watoto kwamba Daudi alijenga hekalu. Binti yule akainua mkono kwa adabu: "Mwalimu, si Suleimani? Daudi alikatazwa." Kabla mwezi haujaisha nilikuwa naingia darasani nikiwaogopa. Na asubuhi moja nikakuta kwenye meza yangu daftari lililofunikwa kwa gazeti, na ndani, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima kama yeye mwenyewe, maandalio ya vipindi vya muhula wote: mstari upi usomwe, swali gani litaulizwa na mtoto gani, na pembeni ya swali gumu maneno, "Hii usijibu. Waache wabishane." Aliyenyang'anywa somo ndiye aliyenifundisha kulifundisha, na nilikuwa nimekaa kimya wakati wakimnyang'anya. Niliyasoma maandalio yake darasani neno kwa neno hadi shule ilipofungwa mwishoni mwa mwaka. Madam alinisifu. Mimi sifa isiyo yangu huwa hainikabi koo.

Siku chache tu baada ya shule kufungwa, vita vikaanza mle mle mjini. Mimi nilipata nafasi kwenye ndege nikarudi Kenya na begi moja, kwa hiyo hili nitakalolisimulia niliambiwa, kwanza na Ustaz mwenyewe, baadaye na binti, na katika mambo makubwa masimulizi yao yanalingana. Katika siku zile watu walikuwa wanatafutwa kwa kabila, na makabila sitayataja; anayejua anajua, na asiyejua ana bahati. Familia ya binti yule ilikuwa ya wanaotafutwa. Baba alikuwa kazini upande wa pili wa mji na hakuweza kurudi nyumbani. Asubuhi ya siku ya tatu risasi zikapungua kidogo, na mama akamshika binti mkono akatoka. Hakwenda kwa mchungaji, wala kwa jamaa zake, ambao nao walikuwa wanakimbia. Alikwenda Hai Mauna, kwenye chumba cha Ustaz. Baadaye nilimuuliza binti kwa nini. Akaniambia mama yake alifikiri hivi: "Yule mtu mume wangu alimwaibisha mbele za watu, na bado akikutana nami sokoni ananisalimia na kuuliza watoto. Mtu wa namna hiyo hatatuuza."

Ustaz aliwaficha siku mbili. Siku ya tatu akasikia kwamba lori la wafanyabiashara wa Kiganda linaondoka kwenda mpakani, Nimule. Akaazima mitandio na magauni marefu kwa jirani yake, yule mama muuza chai, Mwislamu kutoka Darfur, akawafunika mama na binti hadi yakabaki macho. Mpango ulikuwa mwepesi: ni shemeji yake na mtoto wake, watu wa Mbale huko Uganda, hawajui Kiarabu. Mama asiseme lolote, ni kiziwi. Binti ajibu kwa Kiswahili tu, kile nilichomfundisha mimi.

Vizuizi viwili vya kwanza walipita. Cha tatu, saa nne asubuhi, jua limeshawaka, kilikuwa na vijana wenye bunduki ambao Ustaz hakujua ni wa nani, na mmoja wao alikuwa na akili kuliko wenzake, jambo baya kwenye kizuizi. Aliwatazama mama na binti, akautazama urefu wao, akasema, "Hawa si watu wa Uganda." Ustaz akasema ni wa Mbale, ni Waislamu, tazama mavazi. "Mavazi hata mimi naweza kuvaa," kijana akasema. "Kama ni Mwislamu, huyu mtoto asome dua. Sasa hivi. Nisikie."

Ustaz alipofika hapa katika kunisimulia alikunywa chai kwanza. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nilikufa pale. Miaka mbili mtoto hii iko darasani kwangu. Sijamfundisha hata Bismillahi. Nilijifurahia sana kwa hiyo, kumbe ndio itatuua."

Mwenye kutafsiri amri ile alikuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo alimgeukia binti akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole, "Mtoto wangu, soma kitu. Kitu yoyote unajua kwa kichwa." Binti akainamisha kichwa. Akafungua viganja vyake mbele ya kifua, kama alivyowahi kumwona mama muuza chai akifanya, akafumba macho, na kwa yale mahadhi ya polepole niliyokuwa nawaimbisha darasani mpaka wakanichukia, akaanza: "A-WA… U-I… LI-YA… KI-VI… I-ZI… U-ZI… U-YA…"

Ngeli. Alikuwa anasoma ngeli za Kiswahili. Akazisoma zote, bila kuruka, hadi PA-KU-MU, akavuta pumzi, akaongeza mfano: "Kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika." Ustaz akainua mikono akaitikia "Amina" kwa sauti iliyotetemeka kweli. Mama, aliyekuwa kiziwi, akaitikia naye, na hakuna aliyeliona hilo. Waganda wote mle ndani ya lori, waliokuwa wanakijua Kiswahili vya kutosha kuelewa kwamba mtoto anaomba kuhusu viti, wakaitikia amina kwa pamoja, na mmoja, Mkatoliki mwenye gunia la vitunguu, akapiga ishara ya msalaba kwa mazoea kisha akaigeuza kuwa kujikuna. Kijana mwenye bunduki, asiyejua Kiswahili wala Kiarabu cha msikitini, akavua kofia yake, akasema, "Dua ndefu," akafungua njia.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na nimeshatukanwa kwa ajili ya ngeli katika nchi tatu. Ustaz mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. "Ngeli ni ya kazi gani?" aliniuliza kila muhula. "Mimi nasema 'kitabu yangu,' si mtu ananipa kitabu?" Baada ya Nimule hakuuliza tena, ingawa aliendelea kusema kitabu yangu.

Aliwafikisha ng'ambo, akawakabidhi kwa dada yake Arua, na shule ilipofunguliwa tena mwaka uliofuata alirudi Juba kufundisha hesabu. Nami nilirudi. Alinisimulia yote hayo tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki kwa mama muuza chai, nikacheka hadi machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. Nikamwambia lile nililolibeba tangu kikao kile: "Ustaz, siku ile ningesimama. Nilijua kila kitu. Ningewaambia wazazi nimekuona darasani."

"Ungesimama tungefukuzwa wawili," akasema. "Ngeli ingefundishwa na nani?"

Nikafurahi kwamba ameligeuza kuwa mzaha. Akakoroga chai yake, akatazama pembeni.

"Lakini kama ulisimama," akasema, "mimi ningefurahi."

Hatukulizungumza tena. Vita vilirudi mjini baada ya miaka michache, shule ikafungwa moja kwa moja, Madam akarudi Kenya, Ustaz akarudi Arua akafungua duka la vitabu vya shule, na mimi nikaanza kuandika safu hii, ambayo nimewahi kuijaza mambo mengi isipokuwa hili.

Niliporudi nyumbani kutoka benki nilimpigia Madam, ambaye siku hizi ana miaka mingi na magoti mabovu. Alilia. Kisha akasema, "Nitamwombea." Nikamuuliza atamwombea kwa dini ipi. "Mwalimu, usiniudhi," akasema, akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga tena kuuliza Waislamu husema nini mtu akifa, alitaka kuandika vizuri kwenye ujumbe kwa familia.

Binti, yule yule aliyenipigia nikiwa benki, alinisimulia maziko. Baba yake, yule mwanajeshi, naye alivuka mpaka baada ya miezi mingi, na amezeeka kwenye kambi ileile anakofundisha bintiye. Alikwenda makaburini, akasimama nyuma na viatu mkononi, hajui pa kukaa. Walipomaliza kufukia akamwomba sheikh ruhusa ya kusema neno. Watu wakashangaa, mtu mrefu wa kigeni, na sauti ndogo. Alisema: "Nilisimama mbele ya watu nikasema mtu huyu asifundishe watoto wetu. Sikukosea kuogopa. Nilikosea kuhusu yeye. Na kwa kuwa nililisema mbele ya watu, nimekuja kulirudisha mbele ya watu." Kisha akachukua koleo akaongeza udongo, ingawa kaburi lilikuwa limekwisha.

Najua kwamba wiki hii kuna mahali, katika nchi hii au ile ya jirani, wazazi wamekaa wanabishana kuhusu dini darasani: kitambaa gani kivaliwe, sala ipi isomwe asubuhi, nani anafaa kulifundisha somo. Wana haki ya kubishana, na wengine wao wana alama shingoni. Kwa miaka mingi nilifikiri suala ni imani ya mwalimu. Sasa nafikiri swali la kumuuliza mwalimu langoni ni lingine, na Madam angeuliza hili angejibiwa kweli: ukipewa mtoto wa mtu mwingine, na mlango ukafungwa, na hakuna anayesikia, utamwachia akili yake? Anayeweza kusema ndiyo apewe chaki, na kitabu chochote. Na sisi wengine, tulioketi kwenye kikao tukijua ukweli, tuna kazi ndogo tu, wala haihitaji imani kubwa wala elimu. Tusimame tuseme tulichokiona, wakati anayesemewa bado yupo chumbani kutusikia.